Kutambua modeli ya simu kunakula seva yangu na data yenyewe imezeeka, nisaidieni

spea_za_tao

Wadau habari zenu. Hii kitu imeninyima usingizi wiki mbili sasa, naomba mnivumilie nieleze yote.

Tuko na duka ndogo ya spea za simu hapa tao Nairobi karibu na barabara ya Luthuli, vioo, betri, sehemu za kuchaji, hizo vitu. Mwaka jana nikaandikia duka tovuti kwa PHP. Kitu wateja walipenda ni kwamba ukifungua na simu yako yenyewe, tovuti inajua ni simu gani na inakuletea kioo chake moja kwa moja. Juu ukweli ni watu wengi hawajui modeli ya simu yao, mtu anakupigia anakuambia ni Tecno ile kubwa kidogo ya bluu, sasa hapo unamuuzia nini.

Shida ziko tatu. Ya kwanza ni mwendo. Natumia laibrari ya kusoma yuza-ejenti (yale maandishi brauza ya mteja inatuma kujitambulisha), ile iko na faili nyingi za data za YAML zimejaa rejeksi (mifumo ya kutafuta maneno ndani ya maandishi), na nimepima nikapata inakula kama milisekunde 60 kwa kila ukurasa kabla hata databesi haijaguswa. Saa kumi na mbili jioni watu wakitoka kazi wakiwa kwa mathree (matatu) ndio wananunua, na hapo ndio prosesa inagonga mia kwa mia.

Ya pili ni data. Laibrari iko vile ilikuwa siku niliiweka. Simu mpya zinatoka haijulikani, na zingine zinatambuliwa vibaya kabisa. Kuna mama wa Kitengela tulimtumia kioo cha Samsung A12, ikafika ikakataa kuingia, boda ikarudi nayo, tukatuma ingine, pesa yote ya usafiri tukalipa sisi. Iliniuma sana kwa huyo mama juu alikuwa ametuamini.

Ya tatu, siku hizi simu nyingi zinatokea zinaitwa "K". Nimetafuta simu inaitwa K nikachoka.

Nimeweka kache ya Redis (inahifadhi majibu ili yasitafutwe upya), ikasaidia kidogo, lakini nikijaribu kuapdeti laibrari majibu yale mabaya bado yanarudi vilevile. Mkubwa wangu anasema tununue seva kubwa. Mimi naona kama tutakuwa tunamwaga maji kwa ndoo imetoboka. Mnasemaje?

fundi_wa_css

Mkuu toa hiyo kitu yote. Kutambua simu ni mambo ya zamani, wakati kila simu ilikuwa inataka ukurasa wake. Saa hii unaandika CSS (maagizo ya mwonekano wa ukurasa) moja inajipanga kulingana na upana wa skrini na maisha yanaendelea, seva inapumua.

spea_za_tao

Asante kaka lakini mimi sitafuti upana wa skrini. Ukurasa unakaa poa kwa kila simu. Mimi nataka jina la simu ndio nijue kioo gani kinaingia, na hiyo CSS haiwezi kuniambia.

fundi_wa_css

Nimekupata sasa, nilisoma haraka. Basi kwako hiyo kitu ina kazi, wacha wenye wameifanya waongee.

njeri_wa_logi

Niko hapa, nimefanya hii kazi miaka kadhaa kwa upande wa takwimu za tovuti kwa hivyo hiyo K naijua vizuri.

K si simu. Google waliamua kupunguza habari kwa yuza-ejenti ya Chrome ili watu wasifuatwe kirahisi kwa intaneti, na kufikia 2023 Chrome ya Android ikaanza kutuma kitu kama hii kwa kila mtu:

Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/113.0.0.0 Mobile Safari/537.36

Angalia hapo. Android 10 ni ya uongo, imegandishwa, hata simu ikiwa na Android 14 itasema 10. K imewekwa mahali modeli ilikuwa inakaa. Na zile sifuri baada ya 113 ni toleo limekatwa. Brauza zingine za ukoo wa Chrome zikafuata njia hiyohiyo. Kwa hivyo hata ukiandika rejeksi elfu kumi, modeli haitoki hapo kwa sababu haipo. Kitu hakijawekwa ndani ya mfuko huwezi kukitoa ndani ya mfuko.

Modeli sasa inaombwa. Seva yako inatuma heda (mstari wa maelezo unaosafiri pamoja na ukurasa) inaitwa Accept-CH ikiwa imeandikwa Sec-CH-UA-Model ndani yake, na kuanzia ombi linalofuata Chrome inakuletea modeli kwa heda hiyo. Zinaitwa klaenti hinti. Mambo matatu yatakusumbua, nayasema mapema ili usipoteze siku kama mimi:

Inafanya kazi kwa HTTPS tu. Ombi la kwanza kabisa la mteja mpya haliji na modeli, kwa hivyo ukurasa wa kwanza usimwekee kioo chochote, mwambie unatafuta, halafu ukurasa wa pili utajua. (Kuna heda ingine ya Critical-CH inayofanya brauza irudie ombi palepale lakini hiyo ni safari nzima ya ziada kwenda na kurudi, na mteja wako ako kwa matatu na bando ya kuhesabu, mimi singemfanyia hivyo. Kuna pia njia ya JavaScript, navigator.userAgentData, unamuuliza ukurasa ukishafunguka.) Na thamani inakuja ikiwa na alama za kufunga maneno, yaani utapata "SM-A125F" na zile alama zake pande zote mbili, ukienda kutafuta kwa jedwali bila kuzitoa hutapata kitu na utadhani simu haijulikani.

Firefox ya Android na Safari hazitumi hizo hinti. iPhone nayo haijawahi kusema modeli kwa yuza-ejenti, inasema ni iPhone tu, basi. Hao lazima uwaulize kwa upole, waende kwa mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Lakini tafadhali usiwaambie wabonyeze *#06# wakuandikie IMEI kwa tovuti. Ni kweli tarakimu 8 za kwanza za IMEI zinaonyesha aina ya simu, lakini zile zingine ni za simu yake peke yake, na ukishaziweka kwa databesi yako Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu moja kwa moja. Mambo ya IMEI yaachwe kwa kaunta mteja akiwa na simu mkononi.

otis_umoja

Kwa mwendo mimi niko na dawa rahisi. Hizo rejeksi zinapitiwa moja moja kutoka juu mpaka moja ikubali. Sasa hizi laibrari zimeandikwa na watu wa ng'ambo, simu za huko ndio ziko juu. Hapa Nairobi watu wako na Tecno, Infinix, itel, Samsung, Oppo, Redmi. Panga upya, weka zetu juu, utaona tofauti siku hiyohiyo.

mzee_wa_bakendi

Otis wazo lako liko na ukweli nusu lakini kuna shimo, tafadhali usifanye hivyo kabla ya kusoma hii.

Mpangilio wa hizo rejeksi mara nyingi ndio akili yenyewe ya laibrari. Angalia upande wa brauza: Edge inajiita Chrome na Safari ndani ya yuza-ejenti yake na inaongeza Edg/ mwishoni, Opera inafanya hivyohivyo na OPR/, Samsung Internet nayo inajiita Chrome na Safari, na zote zinaanza na Mozilla/5.0, mambo ya historia tangu enzi za Netscape. Sasa ukisema Chrome ndio maarufu nitaiweka juu, kila mtu anakuwa Chrome. Upande wa modeli ni hivyohivyo, rejeksi pana ikipanda juu inameza ile nyembamba iliyo chini. Na nashuku sana ndiyo ilikula mama wa Kitengela. SM-A125F na SM-A127F zote watu wanaziita A12, lakini ya kwanza iko na chip ya MediaTek na ya pili ya Exynos, ni simu mbili ndani ya jina moja. Rejeksi inayosema SM-A12 halafu chochote itakupa jibu moja kwa zote mbili, na hilo jibu halina makosa kwa mtu wa takwimu lakini kwa mtu wa vioo ni hasara.

Sasa spea_za_tao, kwanza seva kubwa usinunue. Nitakuambia mahali hizo milisekunde 60 zinaenda. PHP inazaliwa upya kila ombi. Kila mtu akifungua ukurasa, unasoma faili za YAML, unazigeuza kuwa arei (orodha ndani ya memori), halafu ndio unaanza kutafuta. Kusoma YAML ni kazi nzito, na mimi naweka dau kwamba sehemu kubwa ya muda wako iko hapo, si kwa rejeksi zenyewe. Pima ujionee, weka saa kabla na baada. Dawa yake ni kuandika skripti inayogeuza zile YAML mara moja kuwa faili ya PHP yenye arei tupu ndani, kwa var_export. OPcache, ile kache ya PHP yenyewe, itaishika kwa memori na kuanzia hapo hakuna kusoma tena. Wewe hujabadilisha laibrari, umetoa tu mlo wa kila asubuhi ambao haukuhitajika.

Ya pili, kwa kazi yako wewe hauhitaji rejeksi nyingi hivyo. Wewe hutaki kujua brauza, hutaki kujua roboti wa aina mia mbili. Ukiona iPhone kwa yuza-ejenti, simama hapo, hakuna cha kutafuta zaidi. Ukiona Android, kata kamba yenyewe, yaani yale maandishi ya yuza-ejenti: chukua kilicho baada ya "Android namba;" mpaka "Build/" ama mabano yanapofunga, na kama ni simu ya zamani ruka ile alama ya lugha kama en-us inayokaa katikati. Hiyo ndiyo kodi ya modeli, yaani ile kama SM-A125F. Halafu iangalie kwa arei kubwa, ufunguo ni kodi, jibu ni simu. Kuangalia kwa arei ni papo hapo, hata iwe na modeli elfu arobaini, na SM-A125F haiwezi kuchanganywa na SM-A127F kwa sababu ufunguo lazima ufanane herufi kwa herufi. Rejeksi zibaki za akiba, kwa zile zimekataa.

Ya tatu, kabla ya kuweka kitu kwa kache isafishe. Ukifungua tovuti kutoka ndani ya Facebook, yuza-ejenti inakuja na mkia mrefu unaanza na [FB halafu matoleo na vitu vingine. Opera Mini nayo inaweka namba ya seva yao inayobadilika. Simu moja inageuka kuwa kamba mia tofauti, na kache yako inajaa vitu ambavyo havitarudi tena. Kata huo mkia kabla ya kutengeneza ufunguo. Lakini usitupe watu wa Facebook, hao ni dhahabu kwako, kwa sababu ile webvyu, yaani brauza ndogo ya ndani ya programu, mara nyingi bado inaleta modeli kamili na Build yake.

Opera Mini ile inabana kurasa nayo inapitia seva zao, simu halisi inaandikwa kwa heda ya X-OperaMini-Phone-UA. Isome hiyo kwanza kama ipo.

otis_umoja

Mzee nimeelewa, nilikuwa nimefanya hiyo ya kupanga upya kwa mradi mmoja, sasa najua kwa nini ripoti yetu ilikuwa inasema karibu watu wote wako na brauza moja. Naenda kurekebisha leo.

spea_za_tao

Wazee na dada zangu Mungu awabariki. Nimefanya usiku kucha. Ile ya kugeuza YAML kuwa PHP peke yake imenipeleka kutoka 60 mpaka chini ya 10, sikuamini nikapima mara tatu. Halafu nikaweka ile ya kukata kamba na arei, na hapo inakuwa hata sioni tofauti na ukurasa usio na kutambua kabisa.

Lakini kuna kitu kimeniogopesha. Nimewasha Accept-CH, nikajaribu na simu yangu ya Infinix ikatambuliwa vizuri kabisa, nikafurahi. Dakika chache baadaye dada yangu akafungua na Samsung yake akaambiwa ako na Infinix. Jirani ako na Redmi, Infinix. Nimezima yote. Hii ni nini tena?

njeri_wa_logi

Ufunguo wa kache yako ni yuza-ejenti peke yake, sivyo?

Basi ndio hapo. Watu wote wa Chrome ya Android toleo moja sasa wako na kamba moja, herufi kwa herufi. Wewe ulikuwa wa kwanza, jibu lako likaandikwa kwa jina la K, na kila K aliyefuata akapewa simu yako. Ufunguo lazima uwe yuza-ejenti iliyosafishwa pamoja na Sec-CH-UA-Model. Na kama hinti haijafika, usiweke jibu lolote la K kwa kache.

Angalia pia kama nginx yako (programu ya seva inayotuma kurasa) inaweka kurasa nzima kwa kache. Hiyo nayo itampa mtu ukurasa wa mwenzake. Ni afadhali ukurasa ubaki mmoja kwa wote halafu kipande cha kioo chako kiitwe peke yake.

Umefanya vizuri sana kuzima haraka, ungetuma vioo vya Infinix mpaka Thika.

mzee_wa_bakendi

Nyongeza kwa ya Njeri. Weka pia namba ya toleo la data mbele ya ufunguo, yaani d1, d2, d3 na kuendelea. Ndio sababu ukiapdeti laibrari majibu mabaya yanarudi, Redis haijui umeapdeti, inakupa tu kile uliiambia mwezi uliopita. Data mpya, namba mpya, na majibu ya zamani yanajifia yenyewe kwa muda uliowawekea. Usiwahi kuacha kache bila muda wa kufa.

binti_wa_pangani

Naomba niingilie kwa upande wa data kwa sababu naona imeachwa nyuma na mimi ndio kazi yangu. Mwendo ukishapona utasahau hii, halafu baada ya miezi sita uko palepale na mama mwingine wa Kitengela.

Google wanachapisha orodha ya vifaa vyote vinavyokubaliwa na Google Play, ni faili moja ya CSV, iko na chapa, jina la sokoni, jina la ndani na modeli. Hiyo ndiyo arei yako ya Android. Mtego wake mmoja: imeandikwa kwa UTF-16, ukiifungua kama UTF-8 (ni njia mbili tofauti za kuandika herufi) inakuwa takataka, ipitishe kwanza kwa iconv, programu ya kuzibadilisha. Ichukue mara moja kwa wiki, inatosha.

Lakini usiimwage moja kwa moja kwa seva. Mimi hufanya hivi. Nikishaichukua nahesabu mistari, ikiwa imepungua ghafla ukilinganisha na ya wiki iliyopita naikataa, labda imekatika njiani. Halafu niko na faili ya majaribio, yuza-ejenti na hinti za kweli kutoka kwa logi zetu, kila moja na jibu lake ambalo mtu alilithibitisha kwa macho. Kwako wewe hii ni rahisi kuliko kwa mtu yeyote, uko na simu zenyewe kwa meza! Kila simu inayoingia dukani kurekebishwa ifungue ukurasa wako wa majaribio, fundi aandike modeli iliyo kwa simu, umepata mstari mmoja wa ukweli. Data mpya isipopita hayo majaribio yote haiingii. Ikipita naiweka kwa folda mpya, nabadilisha simlinki (njia ya mkato ya folda) ielekee huko, nareload PHP. Kuna shida, naelekeza simlinki kwa ya jana, sekunde mbili.

Zile hazijulikani ziandikie jedwali lake, kodi ya modeli na mara ngapi imeonekana, bila IP bila jina la mtu, hauvihitaji. Kila Jumatatu angalia zile za juu. Utakuta simu mpya, utakuta zile Neon za Athi River ambazo laibrari za nje huenda hazijazijua, unaziongeza kwa mkono kwa faili yako mwenyewe inayosomwa kabla ya ile ya Google. Usihariri faili ya Google, wiki ijayo itafutwa na kazi yako itaenda nayo. Na ukiona Nexus 5X nyingi usiende kununua vioo vya Nexus, hiyo ni roboti ya Google ikipitia tovuti, imevaa jina la hiyo simu.

Na kitu cha mwisho, apdeti ya data iwe ya kila wiki na ya yenyewe, apdeti ya laibrari yenyewe iwe ya mkono. Hizi ni vitu viwili. Oktoba 2021 laibrari ya ua-parser-js, nayo ni ya kusoma yuza-ejenti, kwa npm (ghala la laibrari za JavaScript) ilitekwa, matoleo matatu yakatoka yakiwa na programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni ndani, na wale walikuwa wanavuta toleo jipya bila kuangalia ndio waliumia. Funga toleo, soma mabadiliko, ndio uapdeti.

spea_za_tao

Binti asante sana, hiyo ya kutumia simu za mezani sikuwa nimeifikiria na ziko hapa mbele yangu kila siku. Nimeanza leo, tuko na mistari 23 tayari. Ufunguo nimebadilisha vile mmesema, simu ya dada yangu imesema Samsung, ya jirani Redmi.

Swali moja limebaki. Kwa A12, mtu akija na Firefox na hajui ni 125 ama 127, nimwonyeshe gani?

binti_wa_pangani

Zote mbili, na picha, na usimruhusu alipe kabla hajachagua. Muandikie aende kwa kuhusu simu, kodi ya modeli iko hapo. Akikosa kabisa mwekee namba ya duka apige.

spea_za_tao

Sawa. Naiweka sasa hivi, na yule mama wa Kitengela nampigia kesho nimwambie imerekebishwa.